Mwenyekiti Mwoga wa Chama cha Kuzikana

Kama unatafuta mtu jasiri hapa Kagongwa, usipige hodi kwa Mama Elieth. Yule mama ni mwoga, na wala hafichi. Simu yake ikiita alfajiri anaiacha mpaka ikate, halafu anakaa kitandani akijiuliza ni nani amekufa. Radi ikipiga anazima redio, anafunika kioo kwa khanga na kusali rozari nzima. Mbwa wangu, mzee asiye na meno ya kutosha, anamfanya azunguke nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga ili asipite mlangoni kwangu. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka mingi, na hadi leo akija kuomba chumvi anabisha hodi kwa sauti ya mtu aliyeitwa polisi.

Jina lake ni Epifania. Ni Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kuzaliwa, aliyeletwa huku Usukumani na ndoa. Anapepeta na kuchambua mchele kwenye mashine za hapa mjini, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake, Elieth. Mume wake, Tarsisi, alichoka na jembe akaenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo. Shimo lao, wenyewe wanaita duara, lilititia akiwa chini. Wachimbaji wenzake walipomtoa, mwili haukuwa wa kusubiri mtu, wakamzika palepale kando ya njia ya machimboni. Epifania alifika udongo umesharudishwa. Aliuliza nani alimwosha mume wangu, nani alimsalia, akakosa wa kumjibu, kwa sababu waliochimba kaburi walikuwa wameshatawanyika kwenye mashimo mengine. Tangu siku hiyo hofu zake zote ndogo zikapata mama yao: anaogopa kufa akazikwa na watu wasiomjua. Anamwambia yeyote anayekaa naye kwa muda wa kutosha.

Kwa hiyo chama chetu cha kuzikana kilipoanzishwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia. Chama hakikuwa cha kabila wala cha dini. Wasukuma ndio tuliokuwa wengi, lakini walikuwemo Wasumbwa, Waha, alikuwemo Fazal, Mwislamu wa asili ya Bara Hindi, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, na alikuwemo Mama Rushabh, yaani Gangaben, Mhindu mwenye duka la vitenge na sare za shule. Mama Rushabh ndiye aliyekuwa akileta sanda. Msiba wowote ukitokea, yeye anakuja na kitambaa cheupe kimekunjwa kwenye mfuko, anakitoa kwa mikono miwili, anakaa na wanawake mkekani mpaka mazishi.

Watu wanacheka kwamba tulimchagua mwoga kuwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mtu wa kupiga meza, na kila kikao kiliisha kwa watu wawili kutosalimiana. Epifania hawezi kuvumilia kelele. Akihisi ugomvi unakuja, anatangulia nyumbani kwa kila upande, anakaa, anasikiliza mpaka mwenye hasira achoke mwenyewe. Siku ya kikao watu wanafika wameshayasema yale mabaya zaidi mbele yake, na wanaona haya kuyarudia. Hiyo ndiyo ilikuwa siasa yake yote, na ilizaliwa na woga.

Sheria za chama zilikuwa chache. Ikitokea msiba, kila kaya inapeleka bakuli la unga na gogo la kuni. Na hapa kwetu kitu kikishaingia nyumba ya msiba hakitoki. Ukichukua kuni zako kutoka msibani unarudi nazo pamoja na msiba wenyewe, na sijawahi kumwona mtu akijaribu.

Mama Rushabh alifariki asubuhi moja ya Desemba, mwaka ule mvua ilipogoma. Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa njano kwenye vitalu, majaruba yamepasuka, na watu walikuwa wakiamka na kutazama juu kabla ya kusalimiana. Habari zilipotufikia tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Kabla ya adhuhuri kulikuwa na lundo la magogo getini kwa Mama Rushabh. Langu lilikuwemo, gogo la mgunga nililolikata mwenyewe. Wanawake walikuwa wameanza kupanga mafiga, mmoja wao akasimama na gogo mkononi.

"Hizi kuni," aliuliza, "ni za kupikia, au ndizo za kumchomea?"

Kwamba Wahindu wanachoma maiti wao tulijua sote. Lakini baba yake Rushabh alipokufa walimpeleka mbali kwa gari, sisi tukapika, tukala, tukatawanyika, na jambo lenyewe hatukuliona kwa macho. Sasa Rushabh akatoka nje. Ni mtu wa makamo, mpole, na siku hiyo macho yalikuwa yamemvimba. Aliwaamkia wazee, kisha akasema kibali cha serikali anacho, na kwamba mama yake ataunguzwa hapahapa, kwenye kiwanja chao ng'ambo ya majaruba, karibu na korongo.

"Ni yeye aliyeomba," alisema. "Baba alipopelekwa mjini, nyinyi mlibaki barabarani mnatazama gari. Mama hakulisahau hilo. Aliniambia, mimi nataka mahali ambapo wanachama wenzangu wataweza kunifikisha kwa miguu."

Alituomba kwa upendo, na sisi tukaogopa. Nilitazama gogo langu. Nikiliacha, litamchoma mtu, na mkono ulioukata mti ule ni wangu. Nikilichukua, naenda na kifo nyumbani kwa watoto wangu. Na wote tuliokuwa pale tulikuwa katika mtego uleule, tumeuingia kwa miguu yetu, kwa mazoea ya wema.

Ndipo alipofika Jilala. Huyu tunamwita Baba Masalu, ni kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, na majaruba yake ndiyo yanayopakana na kile kiwanja. Alisikiliza habari yote amesimama, fimbo kwapani.

"Pale hapana," alisema. "Moshi wa mtu ukipita juu ya mpunga, hata hiki kiwingu kidogo tunachokiona kitakwenda zake. Nasema mbele ya watu wote. Moto ukiwashwa pale, mimi na vijana wangu tutakuwa pale."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti tungeogopa kidogo zaidi ya kawaida tu. Alivyosema vile taratibu, wanawake walianza kuwaita watoto wao karibu. Kila mtu hapa anakumbuka siku sungusungu walipokwenda mahali na fimbo na jinsi ilivyokwisha.

Niseme na langu, ili ujue ni nani anayekusimulia. Nilikuwa upande wa Jilala. Mpaka leo niko upande wake. Mtu anatoka ardhini, anarudi ardhini, na moto ule sikuutaka karibu na kwangu.

Epifania alikuwa amekaa chini. Angeweza kusema kibali kipo, mjadala umekwisha. Angeweza kumwambia Rushabh ampeleke mama yake mjini, na nusu yetu tungempigia makofi. Aliinuka akishika ukuta, akaomba mambo mawili: kuni asiguse mtu mpaka kikao cha kesho mchana, na Rushabh asubiri. Kwa Wahindu mwili haukawizwi, ilionekana usoni mwa Rushabh jinsi neno lile lilivyomchoma, lakini alikubali.

Alasiri Epifania akaja kunibishia hodi. "William, nisindikize kwa Baba Masalu. Peke yangu sitafika."

Tulianzia kwa Fazal, kwa sababu Epifania alitegemea kupata faraja kule. Alikuwa amefunga mlango mmoja wa duka, mwingine ameuacha wazi kidogo, na yeye amesimama nyuma yake.

"Mama Elieth, kwetu mtu hachomwi," alisema kabla hatujakaa. "Sisi tunazika kama nyinyi, tena haraka kuwashinda. Lakini tangu asubuhi watu wanapita hapa wananiambia, waambieni wenzenu. Wenzangu akina nani? Mimi na Rushabh hatusali pamoja, chakula chetu si kimoja. Leo kwa sababu ya sura tu, nimekuwa mwenzake. Wakianza kwake, unadhani watapita mlango huu bila kusimama?"

Epifania alimwuliza atasema nini kikaoni.

"Nitasema ule moto siukubali. Na nitasema kumzuia mtu na dini yake si kazi yangu."

"Basi useme yote mawili, Fazal," alimwomba. "Watu watakuvuta uache moja. Usiache."

Uani kwa Jilala vijana walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala, fimbo zimelazwa mbele yao. Epifania alinishika mkono kwa nguvu, kucha zake nikazihisi.

"Mwadila, Baba Masalu."

"Mwadila, mayu. Kaa." Alimwitikia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake, akampa kigoda. Alimtazama kwa muda. "Umekuja kunibembeleza."

"Nimekuja kusikiliza, baba. Huo moto mimi naogopa kukushinda wewe. Tangu asubuhi sijameza hata maji."

Hakuwa anacheza. Meno yake yalikuwa yanagongana, kila mtu alisikia. Nadhani hilo ndilo lililomfanya Jilala aache kukaa kikamanda. Epifania alimwuliza anaogopa nini hasa, kwenye moshi ule.

Jilala alisema hivi. Alipokuwa mtoto kule Didia, nyumba iliungua na mtu ndani, wakati wa kupanda. Mvua haikuja mwaka ule. Walikula mizizi, wakala mbegu, na dada yake mdogo aliyemfuata akamfia mgongoni, amembeba kwenda kutafuta maji.

"Wenye shule wataniambia ni bahati mbaya," alisema. "Sawa. Wao hawakumbeba."

Nilitegemea Epifania ataleta neno la padri, au la bwana shamba. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mimi sijui moshi na mvua vinaongea nini," alisema. "Na uliyoyaona wewe siwezi kusema hukuyaona. Ninalojua mimi ni moja. Yule mama ametuomba tumfikishe. Tukimwambia siyo wetu, kesho kutwa kuna atakayesema Msumbwa naye apelekwe kwao. Ushirombo hawanijui tena, baba. Nani atanizika?"

"Wewe ni wetu."

"Hata yeye mlimwambia hivyo. Siku alipoleta sanda ya mama yako."

Vijana waliinamisha vichwa. Jilala aligeuza fimbo mikononi, akaitazama kana kwamba ina ufa.

"Ule moto sitaukubali," alisema. "Mpaka nife."

"Sikuombi uukubali."

"Sasa unaniomba nini?"

"Nakuuliza tu. Unaweza kwenda naye mpaka wapi?"

Kuku waliingia, wakatoka. Mwisho akanyoosha mkono kuelekea mashambani.

"Mpaka kwenye tuta la jaruba langu la mwisho. Nitambeba mpaka pale. Pale naishia."

"Na vijana?"

"Vijana watakuwa na mimi."

Tulirudi bila kujua kama lile jibu la mwisho lilikuwa jema au baya.

Kikaoni kila mtu alisema lake. Fazal alisema yote mawili, na alizomewa kwa yote mawili. Jilala akarudia ya moshi. Davis, fundi wa mashine, alisema bora tugawane tu, Wasukuma wawe na chama chao na wageni wawe na chao, ugomvi uishe. Nilishangaa Jilala alivyomgeukia.

"Nani amekutuma kwa jina la Wasukuma?" alimwuliza. "Moto naupinga mimi, Jilala. Hapa nimekaa na ninaopingana nao, na sijaondoka."

Tulikubaliana hivi: kuni za wanachama zote ni za kupikia, za moto Rushabh alete mwenyewe, moto uwashwe upande ule wa korongo ambao upepo hauelekei kwenye mpunga, na kila mtu aende mpaka anapoweza, asiulizwe. Wengine waliondoka wamenuna. Hakuna aliyebadili mawazo, nakuambia ukweli. Mimi sikubadili.

Tulimtoa jua likiwa kali bado. Mama Rushabh alikuwa kwenye machela ya mianzi, amefunikwa nguo nyeupe na maua ya rangi ya machungwa. Mbele walibeba Rushabh na binamu yake kutoka Shinyanga, nyuma Fazal na Jilala. Vijana wa sungusungu walitembea pembeni na fimbo zao. Mtu akikohoa, wengine walishtuka. Epifania alikuwa nyuma na wanawake, midomo yake inakwenda bila sauti, na kila vijana walipogeuza shingo alisimama.

Kwenye tuta la mwisho Jilala akasimama, na machela yote ikasimama.

"Mimi naishia hapa," alisema.

Ilikuwa ndiyo ahadi yake, tuliisikia wote, ila hakuna aliyekuwa amefikiria kona yake atamwachia nani. Rushabh alikuwa ameomba mama yake asiwekwe chini tena mpaka ng'ambo. Jilala akabaki ameinama chini ya mwanzi, hawezi kwenda mbele, hawezi kuachia.

"Mtu aje," alisema. "Bega linachoka."

Wanaume tulitazama miguu yetu. Davis alitazama yake, mimi nilitazama yangu. Na mimi mwisho wangu ulikuwa pale, nilishausema, na sikuona kwa nini nijidanganye. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Kijana mmoja wa sungusungu alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule, na nikawaza: sasa.

Epifania alitoka kwa wanawake. Kwetu mwanamke habebi maiti. Kwa Wahindu, niliambiwa baadaye, mwanamke hata kule kwenye moto haendi. Alikuwa anavunja miko ya pande mbili kwa mpigo, na uso wake ulikuwa wa majivu.

"Rushabh, mwanangu, inaruhusiwa?"

"Sijui, mama," alisema Rushabh. "Njoo tu."

Akaingia chini ya mwanzi. Jilala alipotoa bega, machela ililala upande, kwa kuwa Epifania ni mfupi, na maua yakaanza kuteleza. Mwili ukasogea. Wanawake waliguna kwa pamoja. Epifania alifumba macho, akainua mwanzi kwa mikono yote miwili, juu ya bega lake, na tukaona wazi kwamba hatafika popote.

Jilala alivua koti. Alilikunja mara kadhaa, akalisukuma kati ya bega la Epifania na mwanzi, akalibana vizuri mpaka machela ikakaa sawa.

"Tembea polepole," alimwambia. "Na bado nasema mnakosea."

"Nimesikia, baba," alisema Epifania, macho bado ameyafumba.

Wakavuka. Sisi tulibaki kwenye tuta. Vijana walimzunguka Jilala, mmoja akamwuliza, "Kamanda, tufanye nini?" Akasema wasimame palepale na mtu yeyote asiye wa msiba asivuke. Hapo ndipo nilipojua kwa nini aliwaleta. Moshi ulipopanda alivua kofia, akautazama ukienda upande wa korongo. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni kama mtu mwenye homa, na hakuondoka. Mvua ilikuja baadaye, kidogo kidogo, na mpunga wa mwaka ule ulikuwa wa hovyo. Watu wanabishana mpaka leo ni kwa sababu gani, na mimi nina jibu langu.

Epifania alirudi jioni haijaingia, amechafuka majivu, anayumba. Alifika kwenye tuta akamnyooshea Jilala koti lake. Lilikuwa linanuka moshi. Jilala alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Kaa nalo," alisema. "Siwezi kulivaa tena, mayu. Nisamehe. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," alisema Epifania.

Walitembea pamoja kurudi kwenye chakula, yeye na koti lile kifuani, Jilala hatua moja pembeni, mbali kidogo na harufu. Nilikuwa nyuma yao. Tulipokaribia nyumba za kwanza Jilala akasema, bila kumtazama, "Ile habari ya nani atakuzika. Usiulize tena. Nitachimba mwenyewe."

Epifania alisimama njiani.

"Ardhini, Baba Masalu?"

"Ardhini," alisema Jilala.